Tumbo la Mto

Mgeta, Morogoro

Kwa kaka yangu mpendwa Benedikto,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Gairo, wewe, wifi Felista na watoto, na kwamba karanga zimekubali. Mama hajambo, magoti tu yanamsumbua akipandisha kwenda misa.

Kaka, shamba la marehemu baba limeshapimwa na kugawanywa kati yetu wawili, nusu kwa nusu. Huyo Evance uliyemtuma sijui ulimwokota wapi. Mtu mzima na mvi zake, amekuja na kamba ya katani yenye mafundo, hana hata kikokotoo, hesabu anaandika kiganjani! Upande wako umenyooka, haukuwa na shida. Wangu unaishia mtoni, na pale mto unapozunguka shamba limetoa tumbo. Evance akataka tukate vipande vya mita kumi kumi, kila kimoja tukihesabu kama trapeza, lile umbo la pande nne lenye pande mbili sambamba, kisha tujumlishe. Nikamcheka mbele ya wazee. Nikamwuliza, mtu wa darasa la saba atamfundisha kanuni ya trapeza mwalimu wa hisabati wa kidato cha sita? Nikasema mita thelathini zinatosha, vipande viwili basi. Akanijibu taratibu, "Mwalimu, tumbo litabaki nje ya hesabu." Nikamwamuru akunje kamba yake. Wazee, ambao hawajui trapeza wala mstatili, wakanipigia makofi. Upande wangu ukatoka mita za mraba 1,050, nikakukatia na wewe hizo hizo, vigingi vikachomekwa.

Kaka, Evance alikuwa sahihi, na nilijua tangu alipofungua mdomo. Mstari ulionyooka hauwezi kufuata tumbo. Vipande vikiwa vipana, ardhi nyingi huachwa nje ya hesabu, na hiyo ingebaki kwangu. Nafundisha hilo kila mwaka. Niliutaka ule udongo wa mtoni, nami nikaona aibu kukuomba. Nikaona afadhali kukuibia.

Jumamosi nilipima upya peke yangu, kwa mita kumi. Zikatoka 1,160, na bado ni pungufu kidogo. Nimesogeza vigingi mita nzima kuingia kwangu, kwa urefu wote wa mita sitini, ndiyo nusu yako ya ile ziada. Kabichi nilizopanda hapo ni zako.

Jana nilimfuata Evance kwake Kingolwira kumwomba radhi. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama wewe nimeshakuambia. Nikamwambia bado. Akasema nianze huko, ndipo nirudi kwake.

Wasalimie wote, na wifi umpe pole ya kazi.

Mimi mdogo wako,
Irene