Wali wa Mwalimu

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta u mzima na miguu imeacha kukusumbua. Najua kaka ndiye atakayekusomea. Mwambie asome polepole wala asiruke mahali, hata pale atakapotaka kunisitiri. Mimi mwili ni mzima, ila uso sina pa kuuweka.

Uliuliza kama wenyeji wa huku wananilisha vizuri. Mama, wananilisha mno, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kwanza nikueleze shule zetu zilivyo. Ile ya Mpwapwa iko chini ya boma. Mwalimu wake hupewa kila kitu na Wadachi, mpaka chaki na mbao za kuandikia. Ya Gulwe iko karibu na kituo cha gari moshi, na wenye maduka huichangia. Kijiji chetu hakina boma wala duka. Wenyeji wake walifikiwa na agizo tu kwamba wajenge shule na wamlishe mwalimu atakayeletwa, wakajenga, na wananilisha kwa zamu, nyumba hii leo, nyumba ile kesho. Mwanzoni nilikuwa naletewa ugali wa uwele na mlenda, siku nyingine maziwa ya mgando. Ndicho wanachokula wao wenyewe.

Wakati wa kiangazi jumbe aliwaita wazazi wa wanafunzi, akaniuliza mbele yao shule yetu imepungukiwa na nini. Mwenyewe wanijua nilivyo na ulimi. Badala ya kutaja chaki, nikataja tumbo langu.

"Mwenzangu wa Mpwapwa anakula wali," nikasema.

"Na yule wa Gulwe?" jumbe akauliza.

"Naye wali."

Wa Gulwe sijapata kumwona akila chochote. Wa Mpwapwa nilikula naye kweli, mama, lakini ilikuwa sikukuu ya Idi! Nani asiyetafuta wali siku ya Idi? Watu wa huku dini yao ni nyingine na Idi hawaijui, nami sikuwaambia. Mzee mmoja akasema taratibu, "Kumbe katika wote, sisi ndio wa mwisho." Mimi nikajipangusa tu vumbi kwenye kanzu kama bwana mkubwa.

Basi wali ukaanza kuja. Kila nyumba yenye zamu ilichukua mchele kwenye maduka ya Gulwe, nami nikadhani wana akiba yao mahali. Nilikula nikashiba, tena nikathubutu kunung'unika kwamba haukutiwa nazi. Nazi huku, mama! Ningekuwa karibu ungenichapa.

Kisha mvua ikanyesha, ile wanayoingoja mwaka mzima. Watu wakatoka na majembe, lakini nikaona baadhi ya nyumba zimekaa kimya. Mmoja wa waliokaa ni Mama Ndalu, mjane jirani na shule, ambaye binti yake ni mwanafunzi wangu. Nikaenda kumtania.

"Mbukwa, Mama Ndalu," nikamsalimu kwa lugha yao. "Wenzako wamelowa, wewe unaota moto?"

"Mbukwa, mwalimu. Nitalima tu."

Akanikaribisha ndani nijikinge na mvua. Huku masuke ya mbegu hufungwa darini juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu, na mwenye nyumba hayagusi hata watoto wakilia njaa. Nikatazama juu. Kamba zilikuwa zinaning'inia tupu.

"Mbegu zako ziko wapi?"

"Zilikwenda Gulwe," akasema, "zikarudi mchele."

Alisema bila kununa, kama mtu anayekuelekeza kisima kilipo. Nikamuuliza kama ni yeye peke yake, akanitajia nyumba nyingine, na zote nilikuwa nimekula kwao. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilikwenda kwa jumbe moja kwa moja nikamweleza habari ya Idi, sikubakisha kitu. Nilitaka anifukuze. Yeye akasema, "Mwalimu, maneno hayo yaishie hapa. Watu wangu wamekwisha kujisifu mpaka Gulwe kwamba shule yetu haimlishi mwalimu uwele. Ukiwaambia ulikuwa uongo, utawavua nguo." Akafungua ghala lake, akawagawia wale waliokosa mbegu. Kila nyumba ilipata kidogo, kwa hiyo mashamba mengine yamepandwa nusu tu. Mimi jioni ninalima kwa Mama Ndalu. Mikono imetoka malengelenge, naye hunicheka jinsi ninavyoshika jembe.

Juzi zamu ikawa yake. Nilikuwa nimekwisha kumwambia kwamba wali umenichosha, nautaka uwele. Akaja na bakuli limefunikwa, nikafunua, nikaona wali.

"Mama Ndalu, si nilikuomba uwele?"

"Umetuona tumeshindwa?" akauliza, na macho yake yakabadilika. "Mpwapwa wawe na mwalimu wa wali, sisi tuwe na wa uwele?"

Sikuthubutu kumuuliza safari hii ameuza nini. Alisimama mlangoni akanitazama, na binti yake nyuma yake akimeza mate. Nilikula, mama. Nilikula mpaka bakuli likawa jeupe, maana kubakiza kungekuwa kumtukana. Alipolichukua alipiga goti, akaniambia ahsante.

Nisalimie kaka na mkewe, na shangazi mshona kofia. Mwalimu wangu wa chuoni pia msalimie sana, ila huyo barua hii msimsomee. Uniombee mvua isikatike huku.

Ni mimi mwanao,
Hamisi