Filamu Moja, Diski Mbili

Baba Brandon,

Githeri iko kwa friji. Mchukue Brandon shule saa tisa, shift yangu inaisha saa kumi na moja.

Asubuhi nikipiga pasi yunifomu, nilikusikia ukimwambia Fiona wa kwaya kwa simu kwamba diski aliyokukopesha inashinda yetu. Eti filamu ni ile ile ya wakulima wa China, lakini yake ina rangi zilizokolea na maandishi ya tafsiri yanayosomeka. Mkacheka! Mimi hujacheka nami hivyo tangu theluji ianze.

Ni kweli, kwa diski yetu maandishi meupe hupotea wakulima wakionyeshwa na unga wa ngano. Lakini mwaka ule tulipohamia Blaine sikuwa na miwani, ukaketi karibu ukinisomea. Maandishi yakipotea, ulibuni. Nilijua! Mkulima gani humwambia punda wake “pole, mpenzi”?

~~Mrudishie Fiona diski yake leo.~~ Usiende. Nitampelekea mwenyewe Jumapili, na chapati juu, nimshukuru vizuri.

Diski yetu nimeiweka kwa mashine. Nikirudi nitavua miwani.

Mama Brandon