Kisima Kipya cha Mbugani

Jumatatu, 7 Oktoba 1974
Nimeosha gia za malori mawili leo karakanani. Dawa ya kutolea grisi imenichoma vidole, kichwa kizito. Pipa la dawa chafu limejaa. Tangu Bwana Afya akataze kumwaga mferejini, tunaifukia mbugani, upande wa Isikizya. Mbali na nyumba, mbali na visima. Ndiyo amri, tunaitii.

Jumatano, 9 Oktoba
Mbugani kuna watu! Vibanda vya nyasi, mbuzi, watoto. Wamehamishiwa kijiji kipya. Kiangazi hiki ardhi ngumu kama saruji, basi wakachimba kisima pale jembe lilipokubali kuingia. Pembeni kabisa mwa shimo letu. Sisi ndio tulioulainisha udongo ule.
Mdogo wangu Nyamizi yuko kati yao, mjamzito. Alinipa maji kwenye kata. Nikasema sina kiu. Tukarudi na pipa letu.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimemwambia tajiri wangu, Karim mwenye karakana, habari ya kisima. Akakaa juu ya tairi, akafuta uso. "Ikisemwa Mhindi katia sumu kijiji cha ujamaa, nimekwisha. Na wewe utakula wapi?" Ana haki ya kuogopa. Mimi namwogopa mwenyekiti wa kijiji. Aliyesema mahali pale pabaya alichukuliwa na mgambo, hajarudi.

Ijumaa, 11 Oktoba
Sikwenda kijijini kusema. Mwoga mkubwa mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya si yangu peke yangu.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimekwenda kwa baiskeli. Shikamoo yangu kwa mwenyekiti ilitoka kama ya mtoto. Nikasema yote, mbele ya watu.
"Unataka kutuvunjia kijiji?"
Nikajibu sitaki wahame, nataka wasinywe. Nikamsogezea ndoo anuse. Akanusa, akaisukuma mbali. Naye anayanywa.
"Sisi tulidhani harufu ni ya ndoo, kaka," Nyamizi akasema. "Ilikuwa ya mafuta ya taa."
Nikatamani ardhi inimeze.

Jumapili, 13 Oktoba
Kisima kimezibwa kwa miiba. Karakana imefungwa, Karim kaitwa kwa Bwana Afya. Mimi nitaitwa kesho, wala sijali.
Nimemleta Nyamizi kwangu. Nimemchotea maji ya bomba, kanywa sana. Anasema mtoto hajacheza tangu jana. Tumekaa mkekani, mkono wake tumboni, tunangoja.