Kikofia Chako Kinanuka Mumi

Baba,

Nakuandikia mikono ikinuka. Nimekifua kikofia chako mara tatu kwa sabuni ya kipande, nikakianika juani, na bado kinanuka mumi. Kinyaa hakijanitoka tangu jana.

Jana nilipita kwa Baba Mdogo hapa Rodi Kopany, nikamkuta akipasua mumi. Mumi, Baba! Samaki asiye na magamba, ambaye tangu ufuate dini ya Kiyahudi hukutaka hata sufuria yake ikae jikoni. Akamaliza, akachomoa mfukoni kikofia chako cha Kiyahudi, akafuta ute mikononi. Halafu pua. Nilimpokonya, naye akacheka: "Si ni kitambaa tu?"

Kitambaa tu! Ulikishona mwenyewe kutoka kwa suruali yako ya harusi. Ulikibana utosini kwa kibanio cha nywele cha Mama, ukatengeneza baiskeli za watu siku nzima, grisi hadi viwiko, lakini chenyewe safi. Watu walipokuita Sheikh, wakidhani ni kofia ya Kiislamu, uliitika tu. "Kinanikumbusha kuna Mungu juu yangu," ulisema, "hata nikiwa chini ya baiskeli."

Uliomba jambo moja, uzikwe nacho. Baba Mdogo akakivua kichwani pako, akisema, "Hapa hatuziki Mwislamu." Mwislamu! Miaka yote hiyo ndugu yako hajui tofauti. Nguo zako zilipogawanywa baada ya matanga, akakichukua. Namchukia, Baba, sitaficha.

Lakini kinyaa kikubwa ninajionea mwenyewe. Mimi, kifungua mimba wako, nilisimama kando ya jeneza nikanyamaza. Kama ile siku ya wazazi shuleni Homa Bay, nilipokukimbilia getini nikakuomba ukivue, wenzangu wasinicheke. Ulikivua, ukakitia mfukoni. Muda wote wa mkutano ulikuwa ukijigusa utosi, kama mtu aliyepoteza kitu. Nilikuona, nikaangalia pembeni. Ptuu!

Siwezi kufukua kaburi. Lakini kesho ni siku ya soko, na baiskeli sasa natengeneza mimi. Nitakivaa hivyo hivyo na harufu yake, kwa kibanio cha Mama. Wakiniita Sheikh, nitaitika. Na Baba Mdogo akija kuninyooshea kidole, atajua mimi ni mtoto wa nani.

Pumzika sasa, Baba. Safari hii sikivui.

Mwanao,
Okoth