Brayani Amefuta Jina Langu Kwenye Programu

Jumanne

Bado nimejaa hasira. Brayani, mtu niliyemkaribisha mwenyewe tufanye kazi pamoja, ameuza programu yangu ya maduka ya dawa kama yake!

Leo Mama Akello, mwenye duka la dawa hapa Makindye, aliniita kama fundi wake wa kompyuta kwa sababu kompyuta yake haimwonyi dawa zikipitwa na muda. Nikashangaa kuona anatumia programu yangu, tena kasoro hiyo niliirekebisha zamani. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaiagiza kompyuta inisomee maelezo yaliyomo ndani ya faili la programu. Palipokuwa na jina langu, Riziki, pameandikwa Brayani. Toleo, la kwanza. Yaani alichukua nakala mbovu, akamuuzia mama wa watu!

Nikampigia palepale, Mama Akello akisikia.

"Dada, usikasirike," akasema. "Wateja hawaamini programu ya mkimbizi."

Mkimbizi! Na nilipokuwa nikiiandika miezi yote ile, nilikuwa nani?

Nikamwekea Mama Akello toleo jipya. Mara likaonyesha dawa ya kikohozi ya watoto iliyokwisha muda.

"Banange, jamani! Asubuhi nimemuuzia jirani," akasema, akatoka mbio.

Nilibaki dukani nikimwomba Mungu. Akarudi anahema, chupa mkononi, haijafunguliwa. Tukakaa chini.

Na sasa hivi Brayani ameniandikia kwamba nimemwaibisha mbele ya mteja. Eti mimi ndiye niliyemwaibisha!