Merrin Dacombe wa Burnie, na Kazi Iliyofungwa kwa Kukaa Kimya

Gari lako lilikuwa linarudi kinyumenyume kutoka uani pale baba yako alipotoka jikoni, kitambaa begani, akakuita. Hukuzima. Ulishusha kioo tu. Mwaka umetimia sasa, Merrin, na bado tunakuona vilevile: mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika mkate, na skonzi za mama yako zimefunikwa taulo kwenye kiti cha nyuma.

"We mtoto, unakimbizwa na nani? Hata kikombe hujaosha!"

"Nitaosha nikirudi, baba! Leo nina wageni wapya. Nikichelewa mimi, nao watajifunza kuchelewa."

"Na hiyo kazi ya bure utaifanya mpaka lini?"

"Mpaka waseme inatosha!" Ukacheka, ukapiga honi, ukakata kona ya Mtaa wa Mount.

Ukungu ulikuwa umelala barabarani. Kabla hujafika Deloraine gari liliacha njia. Kule Launceston, ulikokuwa unaelekea, wageni wako walikaa ukumbini na kompyuta zao wazi, birika likachemka, likapoa, likachemshwa tena. Hakuna aliyetaka kuanza bila wewe.

Wengi hapa mjini hawakujua ulikuwa unafanya nini. Walijua una kazi halmashauri, na kwamba jioni unakaa mezani na kompyuta. Kumbe wewe na wenzako waliotawanyika Hobart, Auckland, Apia na kwingineko mlikuwa mnatengeneza Currawong, chombo cha kujengea tovuti ambacho yeyote anaweza kukichukua bure, kukifungua, na kukirekebisha akiona kasoro.

Tatizo lilikuwa majaribio. Mtu akibadilisha hata mstari mmoja, kompyuta lazima ipitie maelfu ya majaribio kuhakikisha hakuna kilichovunjika, nayo yalichukua muda mrefu mno. Mgeni anakuja na moyo wake, anarekebisha kitu kidogo, anaambiwa subiri. Anasubiri, anachoka, anafunga kompyuta. Harudi tena. Hilo ndilo lililokuuma. Ulisema chombo hakifi kwa kuharibika, kinafa kwa kukosa watu.

Baba yako, aliyezeeka akizunguka kukata manyoya ya kondoo kila kona ya nchi hii, alikuuliza ugumu uko wapi. Ukamweleza kwa lugha yake.

"Fikiria banda, baba. Wakataji wamejaa, mashine zipo, lakini wote wamejipanga foleni nyuma ya kondoo mmoja."

"Hao wajinga. Si kila mtu akamate kondoo wake?"

"Hawawezi. Kila jaribio linaacha takataka zake sakafuni, na linalofuata limezoea kuzitumia. Ukiyatenganisha yakimbie kwa pamoja, yanaanguka."

"Basi fagia."

"Ndiyo kazi yangu hiyo. Nafagia."

"Shule yote ile, umeishia kuwa mfagiaji!"

"Mfagiaji mkuu, mzee. Nipe heshima yangu."

Ulifagia misimu mingi, jaribio moja baada ya jingine, ukilifundisha kila moja kuanza na sakafu safi na kuiacha safi. Nyumbani nako ukatushika hivyohivyo: kila mtu na kikombe chake, na ole wake anayekiacha. Mdogo wako Garth alikuita bwana afya.

Mwishowe ukamaliza. Ulikuja jikoni unaruka kama umeshinda mechi, ukamwambia mama yako majaribio yote sasa yanakwisha kabla birika halijachemka. Akakuwekea birika. Yakaisha kweli, na birika linaguna tu.

Lakini kwenu mna desturi: hakuna anayeruhusiwa kupitisha kazi yake mwenyewe. Lazima mwingine aisome, aseme ndiyo. Aliyeweza kuisoma hiyo yako ni mmoja, Sione Vaipulu wa Auckland, na mkewe alikuwa amejifungua karibuni. Tulimsikia kwenye simu, umemweka mezani kati ya sukari na maziwa.

"Dada, si una funguo? Ingiza tu mwenyewe, nani atakuuliza?"

"Nitajiuliza mimi. Nikijipitishia leo, kesho kila mtu atajipitishia. Utasoma wewe."

"Nitasoma, haki ya Mungu. Huyu mtoto halali."

"Mlaze kwanza. Kisha soma. Usinizungushe, Sione!"

"Wiki ijayo, dada. Wiki ijayo."

Wiki hiyo ndiyo tuliyokuzika.

Waliandika maneno mazuri juu yako, wenzako hao. Waliyaandika kila mahali, isipokuwa chini ya ile kazi yako ya mwisho. Ukurasa ule walikuwa wanaufungua, wanaliona jina lako, wanaufunga. Sione alituambia baadaye kwamba kuandika pale "hapa rekebisha" au "hapa sijaelewa" aliona kama kugonga mlango wa msiba kudai kazi. Akanyamaza. Wenzake wakamwona kanyamaza, nao wakanyamaza. Ilikuwa heshima.

Nyumbani nasi tulikuwa na heshima yetu. Baba yako alikataza mtu yeyote asiiguse kompyuta yako. Ilikaa mezani imefunikwa taulo lile la skonzi, ambalo polisi walilirudisha kutoka garini.

Lakini kulikuwa na roboti, Merrin, ile programu inayojiendesha yenyewe. Uliileta wewe mwenyewe, foleni ya kazi zilizotelekezwa isije ikawakatisha tamaa wageni. Kazi ikikaa msimu mzima bila neno, roboti inamwandikia mwenye kazi. Asipojibu, inaifunga.

Siku mama yako alipoifunua kompyuta, kutafuta picha zako, barua mbili zilikuwa zinasubiri. Ya kwanza: "Habari Merrin. Pendekezo hili limekaa kimya. Kama bado linahitajika, andika neno lolote hapa chini." Ya pili: "Limefungwa. Asante kwa mchango wako."

Baba yako aliomba asomewe mara mbili.

"Neno lolote?"

"Lolote, baba," Garth akasema.

"Hata mimi ningeweza kuandika?"

"Hata wewe."

Alitoka nje, akasimama pale gari lako lilipokuwa linaegeshwa, mpaka mvua ikamkuta.

Sione alipopata habari alilia kwenye simu, halafu akaifungua upya kazi yako. Ilikuwa imechelewa. Wengine walikuwa wameendelea kujenga, na takataka mpya zimerundikana juu ya pale ulipofagia. Alihangaika nayo majira yote ya joto. Kila alipopanga upande huu, upande ule ukaanguka. Mpangilio wake ulikuwa kichwani mwako, na kichwa hicho tumekizika mlimani.

Basi habari za huku ni hizi. Sione ameachia nafasi yake, analea watoto. Ukumbi wa Launceston siku hizi wanachezea tenisi ya meza. Bi Gwenda Pybus, yule mstaafu wa maktaba uliyemwahidi kwamba rekebisho lake la kwanza litapita siku hiyohiyo, alikusubiri ukumbini siku ile mpaka jioni, akarudi kwake, hajafungua Currawong tena. Majaribio yanakwenda polepole kama zamani. Garth amehamia Perth. Mama yako haoki skonzi. Baba yako hakati tena manyoya, wala hasafiri. Kikombe chako kipo palepale kwenye sinki, chai imekaukia ndani, na hakuna anayethubutu kukiosha.

Unakumbukwa na baba yako Lindsay, mama yako Noeline, mdogo wako Garth, shangazi yako Beryl wa Wynyard, na ukoo wote wa Dacombe. Hatujakusahau, Merrin, wala hatujui kusahau kunaanzia wapi.