Nimempiga fundi mitambo mbele ya madhabahu

Jumapili, jioni, Kyebando. Mvua imeacha sasa hivi. Hasira yangu bado.

Leo nimempiga mtu kanisani.

Si kofi la kumkanya. Nilimpiga na maikrofoni, mdomoni, na nilipoona damu nikainua mkono nimwongeze. Mimi, kiongozi wa sifa, ninayewahimiza wenzangu waje na mioyo safi.

Isma ni fundi Mganda aliyekuja na mitambo tuliyokodi Kawempe. Amezoea kumbi za starehe. Ibada ya sisi Wakongo alikuwa hajawahi kuiona. Alituletea vile vispika vidogo vya kuvaa ndani ya masikio, ili kila mwimbaji ajisikie mwenyewe bila kupigwa na maspika makubwa ya jukwaani. Akatuonya tuvae vyote viwili na sauti iwe ya chini. Anayetaka aongezewe, aonyeshe kidole juu. Anayetaka apunguziwe, chini.

Tukaitikia sote. Sisi, ambao hatumalizi ubeti bila kuonyesha Mungu yuko wapi!

Kwenye wimbo wa pili nikachomoa cha kushoto. Vinaniziba, na nilitaka kuwasikia watu wakiimba. Kelele zikaingia sikio lile tupu, zikafunika sauti yangu, nikamwomba Isma aniongezee kulia. Akaongeza. Huo ulikuwa ujinga wangu, simbebeshi mtu.

Kisha tukafika pale pa kumtukuza, nikanyoosha kidole mbinguni.

Akaongeza.

Sauti ikaniuma. Nikafumba macho, nikadhani ni upako! Nikanyoosha mkono mzima. Akaongeza tena, maskini, mtu mtiifu. Na hapo hapo mpiga gitaa wetu akachomoa waya wake kabla ya kuzimiwa sauti. Mlio ukaingia sikioni kama msumari unaozamishwa kwa pigo moja la nyundo. Nilipiga yowe. Nilikinyofoa kile kidude, nikakikanyaga mpaka kikasagika, nikaruka chini nikaenda moja kwa moja mezani kwa Isma.

Nimeshasema nilichomfanya. Kaka yangu Bahati, mpiga besi, alifika nyuma yangu akamkaba koo.

"Unataka kuua dada yangu? Sema!"

"Mama, si wewe nyewe naonyesha juu?" Isma alikuwa anatema damu. "Wewe naonyesha juu, mimi naweka juu!"

"Nilikuwa namwonyesha Mungu!"

"Sasa mimi tajuaje?"

Bahati akamwachia. Mimi sikutulia. Nasema kweli: nilipoelewa ndipo nilitamani kumpiga zaidi, kwa sababu hakuwa na kosa, na sikio langu lilikuwa linalia filimbi, na nilitaka awepo wa kulipia. Kuimba ndiko kunakotulisha. Kazi nyingine sijui.

Mpiga kinanda ananiambia mitambo ile ina kizuizi cha kukata mlio wa ghafla kabla haujafika sikioni. Hakuna aliyekiwasha. Isma alidhani mwenye vyombo ameshakiwasha, na sisi hatukuuliza. Wiki nzima tulikuwa tunagombania rangi ya vitenge vya kuvaa.

Simu imeita muda si mrefu. Nikaiweka sikio la kulia, nilivyozoea. Kimya. Halo, halo, kimya. Nikamtukana huyo aliyepiga, nikataka kuitupa ukutani. Bahati alikuwa ameketi karibu yangu, akanishika mkono.

"Dada, jibu basi. Mutu analia."

Nikahamisha simu kushoto. Alikuwa Isma. Alikuwa akiomba msamaha tangu mwanzo, na mimi namtukana.

Nilimwomba radhi kwa kumpasua mdomo. Msamaha aliouomba sikuutoa. Ulinikwama, na sitaki kujifanya mtakatifu hapa.

Sijalia bado. Nimevunja kikombe na sahani.

Nikipanda tena jukwaani, nitavaa vyote viwili, nitauliza kizuizi kimewashwa na nani, na vidole tutavijadili kabla ya maombi. Nikipanda.

Kesho naenda kwa daktari wa masikio. Bahati anataka kunisindikiza, aingie ndani asikilize badala yangu. Nimemkatalia. Kama ni neno la kunivunja, nitalisikia mwenyewe, kwa sikio hili moja lililobaki.